Kipuri cha kuchapwa: uliza kwanza kama kimepita tanuruni

Kwa msafirishaji ambaye lori lake la zamani limekwama kwa kukosa kipuri kisichotengenezwa tena kiwandani, habari za mashine zinazochapa vipuri vya chuma zinatia matumaini. Mwaka 2017 kitengo cha malori cha Mercedes-Benz kilitangaza kifuniko cha thamostati kilichochapwa kwa ajili ya malori ya miaka ya nyuma. Hata hivyo kifuniko hicho kilikuwa cha aluminiamu, tena hakibebi mzigo. Chuma kinachobeba mzigo ni suala jingine.

Mashine hutandaza unga wa chuma katika tabaka jembamba kuliko unywele, kisha leza huuyeyusha pale panapotakiwa, tabaka juu ya tabaka. Kwa kuwa chuma hicho hupoa ghafla, hubaki na mkazo ndani yake, na wakati mwingine matundu yasiyoonekana kwa macho.

Chukua chuma chenye nikeli asilimia 18, kinachotumika sana kutengenezea kalibu. Kikitoka mashinini ugumu wake ni takriban 35 kwa kipimo cha Rockwell C. Kikikaa tanuruni saa 6 kwenye nyuzi joto 490, ugumu hupita 50 na nguvu ya kuhimili mvuto hukaribia kuongezeka maradufu. Umbo ni lile lile, na mnunuzi akivishika vyote viwili mkononi hawezi kuvitofautisha. Matundu nayo huzibwa kwa joto kali pamoja na shinikizo la gesi, kazi yenye gharama yake. Uso unaokwaruza lazima uchongwe, kwani ufa huanzia hapo.

Kwamba inawezekana, hilo halina ubishi. Mwaka 2018 kampuni ya Huisman ya Uholanzi ilijaribu kwa mzigo wa tani 80 ndoano ya kreni iliyojengwa kwa waya wa chuma ulioyeyushwa.

Hatari kwa soko letu ni bei. Muuzaji aliyeruka tanuru atauza rahisi kuliko mwenzake, na karatasi za forodha hazionyeshi tofauti hiyo. Kwa vishikizo na vifuniko, si neno. Kwa breki, usukani na ekseli, dai cheti kinachotaja nyuzi joto, saa za tanuruni na matokeo ya vipimo. Kama hakipo, usinunue hata kwa nusu bei.