Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Mtoto anayekwenda Kananga asipotee kwetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Likasi, komini ya Kikula. Mimi ni mama, na ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Kijana wangu wa kwanza amepata diploma yake ya Serikali, na anataka kuingia Chuo cha Kijeshi cha Kananga awe afisa. Simkatazi. Lakini nyumbani tumegawanyika, na kinachotugawa si sare wala bunduki. Ni kwamba hakuna anayeweza kutuambia, mtoto akishaondoka, tutamsikia lini tena. Jambo hilo liko mikononi mwa wizara yako.

Nianze na kwa nini simkatazi. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi. Jeshi lile lilikuwa na watu wapatao 25,000, na maafisa wake wote walikuwa Wazungu. Siku sita baadaye Katanga ikajitenga, na Septemba 1961 mji wetu huu, ulioitwa Jadotville wakati ule, ukawa uwanja wa vita kati ya Katanga na askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa. Huwa nawaeleza wanafunzi wangu kwamba maafisa hawapatikani kwa wiki moja nchi inapoungua. Goma ilipoanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kijana wangu alikaa kimya siku nzima, kisha akaniambia ameamua. Ibara ya 63 ya Katiba yetu inasema kuilinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani. Mimi niliyemfundisha kusoma nitamwambiaje kwamba ibara hiyo imeandikwa kwa ajili ya watoto wa wengine?

Sasa nikueleze hofu yetu, maana ukiwa Kinshasa unaweza kudhani ni woga wa akina mama. Ina historia. Katika nyumba nyingi za hapa kuna jina la baba mdogo au mjomba aliyeondoka na majandarme wa Katanga mwaka 1963, akavuka kwenda Angola, asionekane tena. Wenzake wengine walirudi mwaka 1977 na 1978, katika vita vya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, wakiwa na silaha mkononi, na ndugu zao wenyewe hawakujua wafurahi au wajifiche.

Kisha ikaja 1992. Baba yangu alikuwa Msanga wa upande wa Kambove, mama yangu ni Mluba wa Kasai. Siasa ya mwaka ule iliwafukuza watu wa Kasai majumbani mwao, nao wakajazana kwenye stesheni yetu ya Likasi na kwenye madarasa ya shule, wakingoja treni ambazo hazikuja. Nilikuwa mtoto, lakini nilibebeshwa sufuria ya bukari na sombe kuwapelekea wajomba zangu waliolala pale chini, kando ya reli, kati ya magodoro na mashine za kushonea. Wengine walizikwa kabla treni haijafika. Wajomba zangu walipanda. Barua ya kwanza ilifika, ya pili ikafika, kisha basi.

Reli ile inapita Tenke, Kamina, Mwene-Ditu, inafika Kananga. Ndiyo njia hiyohiyo, Mheshimiwa, inayokwenda kwenye chuo chako. Mama yangu, ambaye kijana wangu anamwita nkambo, akisikia neno Kananga hafikirii shule. Anafikiria watu wanaopanda wasirudi.

Wiki kadhaa sasa dosie ya kijana iko juu ya meza yetu ya kulia: nakala ya diploma, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya daktari, picha zilizofungwa kwa mpira. Kila jioni nkambo huisogeza pembeni apate kuweka sahani, na baada ya chakula kijana huirudisha katikati. Hawagombani. Juzi tu mama alisema, na alisema kwa upole, kwamba heri aende kuchimba, kwa sababu akifia shimoni angalau tutamzika.

Naomba usome maneno hayo mara ya pili. Mama huyu anayajua mashimo. Ameona vijana wa mtaa wakirudi na magunia ya malakite na macho mekundu, na ameona wengine wakirudishwa wamefunikwa shuka. Mumewe alifanya kazi kiwandani Shituru, siku ambazo kampuni ya madini ilitoa poso, shule na hospitali. Anajua kwamba siku hizo zimekwisha, na kwamba kubaki karibu na familia katika Likasi ya leo ni kungoja kazi ya mkataba mfupi, au kutafuta ada ya chuo kikuu mwaka hadi mwaka, au kushuka chini ya ardhi na sururu. Bado anachagua shimo kuliko jeshi la taifa lake, kwa sababu shimo liko mahali anapoweza kufika kwa miguu.

Hasemi kwa kubahatisha. Jirani yetu mtoto wake aliingia jeshini. Habari za kifo chake aliletewa na abiria wa basi la Lubumbashi, mtu aliyepata kukaa naye kambi moja. Tulimsindikiza mama yule kuuliza. Ofisi ya kwanza ilimtuma ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza. Mpaka leo anaweka matanga moyoni tu, bila karatasi.

Sielewi kwa nini iwe hivyo. Mwaka 2011 Serikali ilianza kulipa mishahara ya askari kupitia benki, ili pesa isipite mikononi mwa wakubwa wao. Mtu akiwa na akaunti, maana yake jina lake linajulikana, mahali alipo panajulikana. Daftari linaloweza kumpata kila mwezi kumpa mshahara haliwezi kukosa nafasi ya mstari mmoja wa namba ya simu ya mama yake. Nakuomba mstari huo, na afisa mmoja katika kila mji ambaye kazi yake ni kuutumia: mwanafunzi amefika, amehamishwa, ameumia, amefariki. Familia isikie kwa Serikali kabla haijasikia kwa abiria.

Nakuomba pia likizo ya kila mwaka yenye nauli. Toka hapa mpaka Kananga ni zaidi ya kilomita 700 hata ukikata moja kwa moja angani, na kwa treni zetu hakuna anayethubutu kutaja siku ya kufika. Mshahara wa mwalimu hauwezi kumrudisha mtoto nyumbani. Likizo bila nauli kwetu ni sawa na hakuna likizo.

Na mitihani ya kuingia chuoni ifanywe hapa, kwa wavulana na wasichana. Kambi ya Mura iko jirani yetu. Ibara ya 189 ya Katiba inataka jeshi liwe na uwakilishi wa haki wa mikoa yote. Mkoa hauwakilishwi na wale tu ambao baba zao wana pesa ya tiketi. Matokeo yabandikwe, majina yaonekane, ili watu wanaopita mitaani wakidai pesa za kumwingiza mtoto chuoni wakose wa kumdanganya. Mmoja alikuja kwangu pia. Nilimfukuza, lakini si kila mzazi ana moyo wa kufukuza tumaini.

Nitatia saini dosie ya kijana wangu ukinijibu au usiponijibu, kwa kuwa ni mtu mzima na uamuzi ni wake. Ila nkambo wake hataki kutoa baraka zake mpaka asikie jibu, na kwetu mtoto haondoki bila baraka za nkambo. Jibu likibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya Meya, hapa mjini, nitamsomea mwenyewe.

Kwa heshima,
Mama na mwalimu, Kikula, Likasi