Watoto Wamejifunza Nini? "Swali Zuri Sana"

Nimekuwa kimya siku nyingi. Kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Wiki sita zilizopita mhariri wangu alinituma kwenye uzinduzi wa mradi wa kufundishia kwa vishikwambi, katika hoteli moja hapa Dar. Sitautaja mradi wala shirika lenyewe, maana ungeweza kuwa mradi wowote kati ya ile niliyowahi kuiandikia habari. Kulikuwa na bango kubwa, kulikuwa na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili, na kulikuwa na sambusa. Mkurugenzi akasimama kutuonyesha chati za "tathmini ya awamu ya kwanza". Walimu wameridhika. Wanafunzi wamefurahi. Wazazi wanaomba mradi uendelee. Vishikwambi vinawashwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, je, watoto hawa wamejifunza nini ambacho walikuwa hawakijui kabla ya mradi kuja?

"Swali zuri sana," akasema mkurugenzi. Kisha akaeleza kuhusu umeme wa jua.

Mwandishi yeyote aliyekaa kwenye kazi hii zaidi ya miezi mitatu anajua kwamba swali likiitwa zuri sana, jibu lake halipo. Nikarudi ofisini, nikaandika. Kesho yake habari ikatoka na kichwa cha "Wanafunzi kunufaika na vishikwambi". Kunufaika! Hebu kitazameni kitenzi hicho. Hakisemi wamenufaika. Hakisemi watanufaika lini. Kinaning'inia hewani bila wakati, na magazeti yetu yanakipenda kuliko mengine yote. Wakulima kunufaika, vijana kunufaika, wavuvi kunufaika. Ile aya niliyoandika kuhusu swali langu ilikatwa kwa kukosa nafasi. Kwa hiyo kabla sijamsema mtu mwingine, nimeanza na sisi wenyewe.

Lakini ugonjwa huu hatukuuvumbua sisi waandishi. Mimi nilikutana nao chuoni. Nikiwa mwaka wa pili alikuja kaka mmoja anayesoma shahada ya uzamili, akatugawia dodoso la kurasa nne kuhusu mfumo wa chuo wa kujifunza mtandaoni. Mfumo wenyewe, kusema ukweli, ulikuwa mahali ambapo wahadhiri walipandisha notisi zilezile walizokuwa wakituma tukatoe fotokopi. Dodoso lilikuwa na sentensi kama "Naona mfumo huu ni rahisi kutumia" na "Nakusudia kuendelea kuutumia", na mbele yake visanduku vitano, kuanzia sikubali kabisa hadi nakubali kabisa. Rafiki yangu aliweka vema kwenye safu moja kutoka juu mpaka chini bila kusoma. Nilipomtazama akanong'ona, "Mwache kaka wa watu amalize shule."

Kaka wa watu akamaliza shule. Bila shaka na safu ya rafiki yangu imo kwenye jedwali fulani, ikithibitisha kitu.

Baadaye ndipo nikajua dodoso lile lilitoka wapi. Mwaka 1989 Mmarekani aitwaye Fred Davis alichapisha makala kuhusu kwa nini watu ofisini hukubali au hukataa programu mpya za kompyuta. Baadhi ya aliowauliza walikuwa wafanyakazi wa IBM huko Kanada, na alikuwa akiwauliza kuhusu programu ya barua pepe na programu ya kuhariri mafaili. Jibu lake lilikuwa kwamba mtu hutumia programu akiona inamsaidia kazi na haimsumbui. Ni kazi nzuri, na kwa lengo lake imesimama mpaka leo. Tatizo ni kwamba tumeichukua tukaipa kazi ambayo Davis hakuiomba. Karani akikubali programu ya barua pepe, mambo yamekwisha, barua zitakwenda. Mwanafunzi akikubali mfumo wa kujifunzia, hujajua bado kama amejifunza. Mimi nilizikubali sana tamthiliya za Kikorea. Kikorea sikijui.

Ingia kwenye maktaba ya chuo chochote kikubwa cha Afrika Mashariki, tafuta tasnifu zenye maneno "kujifunza kwa mtandao" na "tathmini". Utakuta utayari wa wahadhiri, mtazamo wa wanafunzi, vikwazo vya matumizi, vigezo vya kukubalika. Sisemi zote. Nasema nilizosoma mimi, na nimesoma nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya kijana, karibu zote zinauliza watu wanaonaje. Zinazowapa watu mtihani ni za kutafuta kwa tochi.

Na wala si jambo jipya la kugundua. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, Mmarekani mwingine, alishaandika kwamba mafunzo yana ngazi nne za kutathmini. Je, washiriki walipenda? Je, walijifunza? Je, walibadili utendaji wao? Je, kulitokea matokeo yaliyokusudiwa? Zaidi ya miaka 60 imepita na sisi tumepanga chumba kwenye ngazi ya kwanza, tumeweka na mapazia.

Kuna anayesema, "Sasa kuna ubaya gani? Watoto wakifurahi, si watajifunza tu?" Huyo nampeleka Peru.

Peru ilinunua kompyuta ndogo karibu 1,000,000 kwa ajili ya watoto wa shule, chini ya ule mpango uliotangazwa mwaka 2005 na Nicholas Negroponte wa kila mtoto na kompyuta yake. Fedha nyingi, picha nzuri, watoto wa milimani wakiwa na mashine za kijani na nyeupe. Lakini Peru walifanya jambo moja la kiungwana, waliruhusu kupimwa. Watafiti walizilinganisha shule 319 za vijijini, zilizopata na ambazo hazikupata. Shule zilizopata zilikuwa na kompyuta zaidi ya moja kwa kila mwanafunzi, na watoto kweli walikuwa wanazitumia. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Kwenye Hisabati na lugha, baada ya takriban miezi 15, hakukuwa na tofauti yoyote ya kuonekana. Watafiti waliwafuatilia tena watoto hao baada ya miaka kama kumi, na bado alama zao za shule hazikuwa zimewazidi wenzao.

Fikirini kama Peru wangetumia dodoso la kaka yetu. Rahisi kutumia? Nakubali. Unakusudia kuendelea kutumia? Nakubali kabisa! Mradi ungetangazwa kuwa wa mafanikio na wangeongeza zingine. Mpango huohuo ulifika kwa jirani zetu Rwanda, ambao walipokea zaidi ya kompyuta 200,000. Kenya nao, baada ya ahadi ya uchaguzi ya mwaka 2013, walianza mwaka 2016 kusambaza vifaa kwa shule za msingi mpaka vikapita milioni 1. Hapa kwetu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Sijasema vimepotea bure. Inawezekana vimesaidia sana. Ninachosema ni kwamba takwimu tunayoitaja kila siku ni ya idadi ya vifaa, na idadi ya vifaa ni takwimu ya stoo.

Najua wapo watakaonibandika jina la mpinga maendeleo. Hapana. Mimi naishi kwa intaneti, na bando ndilo linalomaliza mshahara wangu. Isitoshe, kupima si kutafuta ubaya tu. Mwaka 2015 huko Delhi, India, wanafunzi 619 waliotaka programu moja iitwayo Mindspark waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata nafasi, wengine wakakosa. Programu ile inampa kila mtoto maswali ya kiwango chake halisi, hata kama yuko darasa la nane na uwezo wake ni wa darasa la nne, na kando yake kulikuwa na msaidizi wa kuwafundisha kwa vikundi vidogo. Baada ya miezi minne na nusu waliopata nafasi waliwaacha wenzao wazi kabisa kwenye Hisabati na Kihindi. Sasa hapo una kitu cha kushika. Unajua kilichofanya kazi si kioo cha kishikwambi bali kuanzia pale mtoto alipo. Dodoso lisingekwambia hilo hata ungeligawa nchi nzima.

Na sasa nifike kwenye kinachoniuma zaidi, maana kilitokea hapa kwetu.

Kati ya mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2019, takriban watoto 3,000 katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa Kiswahili, jamani! Si tafsiri ya ugenini iliyobandikwa juu juu. Programu zilitengenezwa zifundishe Kiswahili. Lilikuwa shindano la XPRIZE, fedha zake zikitoka kwa Elon Musk, vishikwambi vikitoka Google, na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali yetu wakishirikiana. Timu tano ziliingia fainali. Kila mtoto alijifunza bila mwalimu.

Watoto wale walipimwa kabla. Asilimia 74 ilielezwa kwamba hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Wakapimwa tena baada ya miezi 15, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana dola milioni 10. Na kwa masharti ya shindano, programu zote tano ziliwekwa wazi ili yeyote azichukue bure.

Soma tena matokeo yale, maana yanasomeka pande mbili. Nusu ya watoto ambao hawakuwa wakijua neno walivuka, bila mwalimu, jambo ambalo ni kubwa. Na karibu nusu nyingine, baada ya mwaka na robo wakiwa na kishikwambi mkononi, bado hawakuweza kusoma neno. Hilo nalo ni kubwa. Kwa nini hawa walivuka na wale hawakuvuka? Ni programu ipi ilimsaidia mtoto wa namna gani? Ingekuwaje mwalimu angekuwepo? Kwa mtafiti kijana wa Kitanzania anayetafuta mada, hapo kuna kazi ya miaka kumi, kwa lugha yetu, juu ya watoto wetu, na programu ni za bure. Mada zinazochaguliwa bado ni "mtazamo wa wahadhiri". Magazeti yetu nayo yaliandika kuhusu Musk, kisha yakaenda kwenye habari nyingine.

Nimewahi kulisema hili mbele ya mhadhiri wangu wa zamani, mtu ninayemheshimu sana. Akaniambia, "Kijana, kupima kujifunza ni ghali. Mwanafunzi wa uzamili hana fedha hizo." Shikamoo mwalimu, lakini hapana. Uwezo walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya 2010 wakimpima mtoto kwa karatasi yenye herufi, maneno na hadithi fupi ya darasa la pili. Karatasi tu! Na kundi la kulinganisha halihitaji kutafutwa, kwa sababu hakuna mradi unaofika shule zote siku moja. Lori litaanza wilaya hii, mwakani litafika ile. Basi pigeni kura ni shule zipi zitangulie, wapimeni watoto wa pande zote mbili kabla lori halijaondoka na baada ya mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko ile hoteli na sambusa zake, nami nilizila.

Kilicho ghali ni jibu. Ukipima unaweza kukuta sifuri, na sifuri haizinduliwi na mgeni rasmi.

Mwezi uliopita nilikuwa safarini mkoani kwa habari nyingine kabisa, nikapita kwenye shule moja yenye mradi wa namna hii. Mwalimu mkuu, mama mkarimu, akanifungulia kabati lenye kufuli mbili. Vishikwambi vilikuwa vimepangwa vizuri, vingine bado vina ile karatasi laini ya kiwandani kwenye kioo. "Mwanangu, kikivunjika nitadaiwa mimi," akaniambia. Nikamuuliza kama watathmini waliwahi kufika. Akasema ndiyo, walifika, walimpa fomu ajaze.

"Ukajaza nini, mama?"

Akacheka. "Nakubali kabisa."

Yule mkurugenzi nilimwandikia barua pepe siku ileile ya uzinduzi, swali ni lilelile moja. Akijibu nitawaletea jibu hapa kama lilivyo, hata likinifanya nionekane mjinga. Leo ni wiki ya sita.