Panki na metali walisikilizana. Sisi wa Garsen tunangoja nini?

Hebu toa simu mfukoni sasa hivi, fungua pale unapoweka nyimbo, halafu hesabu. Za Diamond zipo. Za Burna Boy zipo. Gengetone ipo, arbantone ipo, labda na kaswida mbili tatu za Ramadhani. Sasa nijibu bila kuzunguka: ya jirani yako iko hata moja? Sisemi jirani wa ploti. Nasema wale ambao nyumbani kwenu mkiwataja mnasema tu "wale", na kila mtu anaelewa.

Kama wewe ni Mpokomo wa Ngao, una wimbo wa Kiorma? Kama wewe ni Muorma wa Wayu, una wa Kipokomo? Na wewe wa Nairobi au Mombasa unayedhani hii ni stori ya Tana River pekee, badilisha majina ya makabila uone kama jibu litabadilika.

Garsen ni mji wa njia panda. Gari la Malindi, la Hola, la Garissa, la Lamu, yote lazima yapitie hapa au pale Minjila. Sokoni maziwa ya mfugaji yanauzwa hatua chache kutoka kwa maembe ya mkulima. Bei za kila mmoja tunazijua hadi shilingi ya mwisho. Ila nyimbo zake hatuzijui. Tunaweza kukaa na mtu miaka 20 tukanunua kila kitu chake, na tusijue mama yake alimwimbia nini.

Nikupe kisa cha makabila mengine mawili. Haya hayakugombania maji wala nyasi. Yaligombania kelele.

La kwanza ni watu wa metali. Muziki wao una mizizi Birmingham, mji wa viwanda Uingereza, ambako bendi ya Black Sabbath ilitoa albamu yake ya kwanza 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na ile sauti nzito ikazidi kuwa nzito. La pili ni watu wa panki. Ramones wa New York walitoa albamu yao ya kwanza 1976: nyimbo fupi, za haraka, hakuna kuzungusha gitaa dakika kumi. Ukijua kupiga vitu vitatu kwenye gitaa, panda jukwaani.

Mashabiki wao hawakupatana hata kidogo. Wa metali, nywele hadi mgongoni, walisema wa panki hawajui kupiga ala. Wa panki, nywele zimekatwa au zimesimama kama miiba, walisema wa metali wanaimba mashetani na mazimwi wakati watu hawana kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 80, wakijikuta ukumbi mmoja, ngumi zilikuwa kitu cha kawaida. Mtu alikuangalia nywele, akajua kama wewe ni wa kupigwa. Unaijua hiyo hali, si ndiyo?

Sasa angalia wanamuziki wenyewe walikuwa wanafanya nini wakati mashabiki wanavunjana meno. Lemmy, kiongozi wa Motörhead, ambaye watu wa metali walimwona kama mzee wao, aliwahi kupiga besi na The Damned, bendi ya panki. Mwaka 1991 bendi yake ikatoa wimbo mzima wa kuwasifu Ramones. Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, alikuwa na tatoo ya Misfits, bendi ya panki. Mwaka 1987, baada ya Burton kufariki, Metallica wakarekodi nyimbo za Misfits. Mwaka huo huo D.R.I., bendi iliyoanzia kwenye panki huko Texas, ikatoa albamu na kuiita Crossover, yaani kuvuka. Mwaka huo huo tena, Uingereza, Napalm Death wakatoa albamu ya Scum. Mbio za panki, uzito wa metali, vyote ndani ya chungu kimoja.

Walijuanaje? Kwa kaseti. Mtu anarekodi kaseti anampa rafiki, rafiki anamtumia mwingine kwa posta, mwingine anarudisha yake. Hakuna aliyeitisha warsha hotelini. Hakuna aliyelipwa posho ya kuhudhuria. Mtu alisikiliza peke yake chumbani, akashtuka kwamba hawa jamaa anaowachukia wana hasira kama yake, na kwamba hasira hiyo wanaipiga vizuri.

Usiniambie hayo ni ya Wazungu. Bad Brains, moja ya bendi zilizoipa panki kasi yake, ni Weusi wa Washington. Na hapa kwetu Nairobi, ambako watu wa roki ni wachache, tumefanya yetu. Crystal Axis ni bendi ya panki yenye wimbo kuhusu Mfalme Leopold wa Ubelgiji na maovu yake Kongo, na mwingine kuhusu Nyayo House. Last Year's Tragedy walikuwa metali. Halafu kuna Duma, jina linalotokana na neno la Kikuyu la giza: Martin Khanja na Sam Karugu, vijana waliotoka kwenye bendi za metali za Nairobi. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na humo metali, panki na midundo ya kompyuta vimegongana hadi huwezi kusema kipi kinaishia wapi. Watu wakiwa wachache hawana nafasi ya kujengeana kuta. Ukumbi ni mmoja, spika ni hizo hizo.

Ninachotaka ukione ni hiki: ule mpaka haukuwekwa na gitaa. Uliwekwa na mashabiki, na mashabiki ndio waliokuja kuubomoa, kaseti moja baada ya nyingine.

Turudi mtoni. Utaniambia muziki wa Kipokomo na wa Kiorma hauwezi kukutana, kwamba lugha moja ni ya Kibantu na nyingine ni ya Kikushi. Sawa. Lakini huko juu ya mto kuna Wailwana, wengine huwaita Wamalakote. Lugha yao ni ya Kibantu, na imejaa Kiorma. Kuna Wamunyoyaya, watu wa mtoni kama Wapokomo, ambao wanaongea lugha ya ukoo mmoja na Kiorma. Mto huu ulianza kuvusha watu kabla ya gitaa la kwanza la umeme kutengenezwa.

Kuna kubwa zaidi. Kila mtoto wa Kiorma aliyepita shule ya Kenya ameimba wimbo wa Kipokomo, tena akiwa amesimama wima. Muziki wa wimbo wa taifa, ule tulioupokea 1963, unatokana na wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Kipokomo. Jina la Mzee Meza Galana, Mpokomo wa kaunti hii hii, ndilo linalotajwa na wimbo huo. Kwa hiyo swali la kama masikio yetu yanaweza kupokea muziki wa jirani lilishajibiwa. Tunaupokea kila bendera inapopanda. Ila hatujui kwamba ni wa jirani.

Na Mpokomo je? Kiorma ni ndugu wa Kioromo cha Ethiopia, na nyuma ya ndugu huyo kuna bahari ya muziki. Kuna Ali Birra, mkongwe aliyefariki 2022. Kuna Hachalu Hundessa, aliyeuawa kwa risasi Addis Ababa Juni 29, 2020, na kifo chake kikawasha maandamano makubwa. Alikuwa akiimba kuhusu watu wake, ardhi yao na kudharauliwa. Sasa niambie, kijana wa Kipokomo ambaye ardhi ndiyo mada ya kila siku nyumbani kwao, kweli hana la kusikia hapo?

Wapokomo wanadai ngoma yao kuu, ngadji, iliyochukuliwa enzi za ukoloni na ambayo hadi leo iko mikononi mwa Makumbusho ya Uingereza, London. Wana haki ya kuidai, na mimi niko upande wao. Lakini tuambiane ukweli. Kunyamazisha ngoma ya mtu si lazima uibebe kwa meli. Inatosha kukaa naye mji mmoja na kukataa kuisikiliza.

Najua kuna mtu ameshakasirika. Anasema: wewe unaleta stori za gitaa, sisi tumezika watu. Ni kweli. Agosti 22, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa Kilelengwani, Desemba ikawa Kipao. Chanzo hakikuwa nyimbo. Chanzo kilikuwa malka za kupitisha ng'ombe kwenda mtoni, mashamba yaliyo kandokando ya mto, nyasi, bunduki, na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2013. Hayo yanahitaji hatimiliki, mipaka inayoeleweka, polisi wanaofika mapema na viongozi wasiochochea. Hakuna wimbo utakaofanya kazi ya ofisi ya ardhi, na anayekuambia upo anakuuzia hewa.

Tena wale wa panki na metali walikuwa na bahati. Ugomvi wao ukizidi sana, mtu alirudi nyumbani akivuja damu puani. Hakuna aliyechomewa kijiji.

Lakini kabla mtu hajabeba panga kuna neno lazima aweze kulisema kwa urahisi, nalo ni "wale". Wale wamekuja. Wale wamejipanga. Ile sauti inayorushwa kwenye kikundi cha WhatsApp saa tano usiku, bila jina la aliyeituma, inafanya kazi kwa sababu hakuna anayeuliza "wale kina nani?" Mtu uliyewahi kumwuliza maana ya wimbo anaoupenda ni vigumu kumrudisha kwenye "wale". Ameshakuwa Fulani, anayependa wimbo fulani, kwa sababu unamkumbusha shangazi yake. Hiyo haizuii vita peke yake. Inampa kijana mmoja sababu ya kusita kabla ya kusambaza ule ujumbe, na kwenye mji mdogo kusita kwa vijana kumi kunaweza kununua usiku mzima.

Agosti 2027 tutapiga kura tena. Wanasiasa watakuja na spika zao, na kila mmoja atapiga nyimbo za upande anaotafuta. Tukiwasubiri wao watuchagulie cha kusikia, tusishangae tukisikia nusu.

Kwa hiyo wewe mwenye duka la simu, unayewawekea watu nyimbo kwenye memori kadi: mtu akinunua hamsini, mwongezee tatu za upande wa pili. Usimhubirie, muongezee tu. Wewe DJ wa harusi, usiuweke wimbo wa jirani mwishoni wakati viti vinakusanywa. Uweke katikati, watu wakiwa wameshiba na bado wako miguuni. Nyinyi mnaopanga sherehe za Madaraka na Jamhuri, mnaita kikundi cha huyu kinacheza, kinashuka, watu wake wanaondoka naye. Waacheni wapiga ngoma wakae jukwaani pamoja hata kwa wimbo mmoja. Walimu nao wanajua kwamba kwenye Tamasha la Muziki la Kenya shule huimba nyimbo za jamii zisizo zao, na hushinda. Kama shule ya mbali inaweza kujifunza wimbo wa Kipokomo ili ipate kombe, watoto wa Kiorma wanaoishi kando ya mto huu wanaweza kujifunza mwaribe, na wa Kipokomo wakajifunza wimbo wa kuwasifu ng'ombe.

Na usiogope kwamba utapotea. Metallica walipiga nyimbo za Misfits na wakabaki Metallica. Ramones walisifiwa na Motörhead na hawakufuga ndevu za Lemmy. Ukisikiliza muziki wa mtu huwi yeye. Unapata tu kitu cha kuongea naye ambacho si bei, si mpaka, si kura.

Kuanza ni rahisi mno. Kesho ukipanda boda pale Garsen na dereva ana kidude cha kusikilizia kwenye sikio moja, muulize anasikiliza nini. Akikuambia, muulize unasema nini. Mkifika, mlipe nauli yake yote, usiombe punguzo. Halafu mwombe akutumie huo wimbo.