Nyota Auzwe Kabla Mkataba Haujakwisha

Huku kusini mwa Pwani ya Kenya, kutoka Diani hadi Msambweni na Vanga, mashabiki wa Simba na Yanga hawautambui mpaka wa Lunga Lunga. Clatous Chama alipoihama Simba na kujiunga na Yanga mwezi Julai 2024, mkataba wake ukiwa umekwisha, kulizuka mjadala ambao wanafunzi wangu walinifuata nao hadi darasani. Je, timu inayowania ubingwa imuuze nyota wake mapema, au imng'ang'anie hadi siku ya mwisho?

Naanza na neno, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Twasema "kuuza mchezaji". Katika pwani hii yenye pango la Shimoni, kitenzi hicho kina uchungu wake. Hata hivyo, kinachouzwa hapa si mtu, bali ni muda uliosalia katika mkataba wake. Hukumu ya Mahakama ya Ulaya katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, mwaka 1995, ilithibitisha kwamba muda huo ukiisha, klabu haina cha kudai. Nazo kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kutia saini na klabu nyingine katika miezi 6 ya mwisho. Mali ya namna hii ni barafu juani: kila siku ipitayo huipunguza.

Wanaopinga kuuza wana hoja nzito. Simba, ikiwa imetwaa ubingwa mara 4 mfululizo, iliwauza Chama huyo huyo na Luis Miquissone mwezi Agosti 2021, mmoja Moroko na mwingine Misri. Msimu uliofuata, kombe likaenda Yanga.

Lakini tuitazame Yanga yenyewe. Mwaka 2023 ilimuuza mfungaji wake hodari, Fiston Mayele, kwa Pyramids ya Misri. Ubingwa haukuiponyoka mwaka 2024, kwani Stephane Aziz Ki alifunga mabao 21. Kumbe kinachoiangusha timu si kuuza, bali ni kuuza bila kuandaa mrithi. Simba iliyobaki na Chama hadi mwisho mwaka 2024 ilimaliza ya tatu. Haikupata kombe, haikupata fedha, na hasimu wake akampata mchezaji.

Rai yangu ni hii. Mwaka wa mwisho wa mkataba unapokaribia, nyota aombwe kuuongeza. Akikataa, auzwe msimu unapomalizika, wala si katikati ya mbio za ubingwa, na fedha zake zimtafute mrithi. Viongozi wakiamua kubaki naye kwa ajili ya kombe, wawaambie wanachama waziwazi kwamba hiyo ndiyo bei ya kombe hilo, wasije wakalia kusalitiwa baadaye.

Mchezaji anayeondoka baada ya kutimiza mkataba si msaliti. Ametimiza ahadi yake. Anayestahili kuulizwa ni kiongozi aliyeijua tarehe na akanyamaza. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.