Mmeachana, lakini mtoto bado ni wenu

Hebu nikuulize, kijana wa Tabaka: mkiachana, mtoto anaenda na nani?

Hapa kwetu jibu huwa tayari. Mahari ikishatolewa, wazee husema mtoto ni wa boma la baba. Mama naye akirudi kwao na mtoto, anazima simu. Katikati yupo mtoto wa gredi ya pili, hajui Agosti shule zikifungwa ataenda wapi.

Sheria haisemi hivyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inatanguliza maslahi ya mtoto.

Basi kaeni chini muandikiane: siku za shule analala wapi, likizo yuko kwa nani, karo na matibabu nani analipa nini. Mkishindwa, nendeni kwa afisa wa watoto, kisha Mahakama ya Watoto. Kama kulikuwa na kipigo, usiende kuongea peke yako. Anzia kwa afisa.

Baba, kuchonga mawe ya sabuni hakuna mshahara wa mwezi, tunajua. Vinyago visipouzika, sema ukweli, lakini mpigie mtoto simu. Pesa ikikosekana, wewe usikosekane. Na mama, usimfiche mtoto eti M-Pesa haijaingia. Deni ni la baba. Kwa nini mtoto ndiye alipe?

Kabla shule hazijafungwa, mpigie mwenzako leo mpange likizo.