Krimu au magnolia?

Wiki hii hapa geto hatujabishana mpira, tumebishana rangi ya ukuta. Mwenye nyumba kakubali tupake wenyewe halafu gharama aikate kwenye kodi, ila lazima iwe krimu au magnolia. Rumeti wangu mmoja anang'ang'ania magnolia, eti krimu ni rangi ya zahanati. Mimi nasema krimu, na sibanduki.

Ukiziona kwa haraka zote ni nyeupe iliyotiwa joto kidogo. Ziweke pamoja sasa: krimu inavuta kwenye njano, magnolia ina kahawia na uwaridi kwa mbaaali. Kwenye orodha ya rangi ya Waingereza magnolia ni 08 B 15, na huko imepakwa sana nyumba za kupanga mpaka watu wakaichoka.

Chumba chetu kina dirisha moja, nalo linatazamana na ukuta wa tofali za saruji wa jirani. Mwanga unaoingia ni wa kijivu. Magnolia ikikosa jua ule uwaridi unapooza, ukuta unakuwa kama umefubaa siku ile ile ya kupakwa. Njano ya krimu inastahimili. Kingekuwa chumba cha jua la jioni ningemwachia magnolia yake bila ubishi, maana krimu kwenye jua kali inageuka siagi!

Halafu kuna usiku. Taa yetu ni ile nyeupe ya kelvini 6500, na chini yake ndiyo tunaandika maandalio ya somo hadi saa sita. Tulipaka vipande viwili vya boksi tukavibandika ukutani siku mbili. Usiku cha magnolia kilikuwa kijivu kabisa. Rumeti anasema tubadilishe taa, tuweke ya kelvini 2700. Hapo ana hoja, inaipa uhai kweli. Ila taa ya njano mimi inanisinzisha, na mitihani inakuja.

Chumba ni mita 3 kwa 3, kimo 2.7. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 29. Kupaka mara mbili ni 58, na lita 1 ya rangi ya maji inakula mita 10 hivi. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Lakini hela ya kuanzia inatoka kwenye bumu, hakuna ya kurudia, kwa hiyo tutakachopaka tutakaa nacho mwaka mzima.

Jumamosi tunapiga kura. Tupo watatu, na wa tatu anasema kura yake ni ya atakayemwachia kitanda cha dirishani.