CSR Siyo Sadaka. Na Wanaofukuza Wawekezaji Siyo Sisi



Mwaka jana nilikuwa field kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria huko Kanda ya Ziwa. Siku moja tukaenda kijiji kimoja jirani na mgodi, siku ya makabidhiano ya madarasa mawili. Mahema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa, MC katoka mjini. Juu ya kila mlango wa darasa kuna nembo ya kampuni. Kiongozi mmoja wa serikali akakata utepe, MC akawaambia akina mama wapige vigelegele "kumshukuru mwekezaji kwa moyo wake wa upendo".

Mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. Akapewa kipaza sauti, akasema: "Kwa madarasa tunashukuru. Ila naomba kuuliza, hizi hela tulipangiwa na nani? Maana kwenye mkutano wa kijiji sisi tuliomba maji."

Kipaza sauti kikachukuliwa. "Mama, leo ni siku ya furaha, mambo ya siasa waachie wanasiasa." Watu wakacheka, mama akakaa.

Mimi nasoma sheria, mwaka wa tatu, na nakwambia ukweli: lile lilikuwa swali la kisheria kuliko maswali mengi niliyokutana nayo kwenye mitihani. Mama yule hakuwa anafanya siasa. Alikuwa anauliza kuhusu kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, Sura ya 123, hata kama hajawahi kukisikia.

Kifungu hicho kiliingizwa na marekebisho ya 2017. Kinasema mwenye leseni ya madini aandae mpango wa CSR kila mwaka. Siyo akijisikia, ni kila mwaka. Mpango huo akubaliane na halmashauri, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha. Uzingatie mazingira, jamii, uchumi na utamaduni, kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri kwa ajili ya jamii inayozunguka mgodi. Halmashauri nayo imepewa kazi tatu: kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi iliyopo kwenye eneo lao.

Sasa hapo moyo wa upendo umeingilia wapi? Mbona mtu akilipa kodi TRA hatumpigii vigelegele?

Nikiri jambo moja ili tusidanganyane. Kifungu hiki kilipitishwa na Bunge lililojaa CCM, na ni kifungu kizuri. Tatizo langu ni kwamba walioitunga wameigeuza sherehe. Wajibu wa kisheria unageuka zawadi, zawadi inageuka kampeni, na anayeuliza anaonekana hana shukrani. Sheria ilipita 2017, kanuni mahsusi za CSR kwenye madini zikaja 2023. Miaka sita! Miaka sita hiyo kijiji na mwekezaji, wote wawili, walikuwa wanapapasa gizani.

Ukisema haya unajibiwa wimbo uleule: "Nyie wanaharakati mnafukuza wawekezaji." Haya, tuhesabu. Nani hasa amewafukuza?

Julai 2017 serikali ilipitisha bungeni miswada mitatu ya rasilimali kwa hati ya dharura. Nchi kudai hisa na haki yake kwenye madini yake ni sahihi kabisa, na chama chetu kimekuwa kikidai hivyo kabla wao hawajaamka. Lakini sheria nzito za namna ile zilipitishwa mbiombio. Humo ndani zikafutwa leseni za kuhodhi maeneo, zile anazopewa mtafiti aliyegundua madini lakini hajawa tayari kuchimba. Kampuni tatu zikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Winshear Gold ya Kanada, serikali ikakubali kuilipa dola milioni 30 Oktoba 2023. Indiana Resources ya Australia, mradi wa nikeli wa Ntaka Hill kule Nachingwea, dola milioni 90 Julai 2024, baada ya nchi kushindwa kesi. Montero ya Kanada, mradi wa Wigu Hill mkoani Morogoro, dola milioni 27 Novemba 2024.

Jumlisha. Dola milioni 147. Hazikujenga hata tundu moja la choo cha shule. Na hakuna hata senti moja kati ya hizo tuliyolipa kwa sababu mwanakijiji fulani aliomba maji. Tumelipa kwa sababu serikali ilikurupuka. Mwekezaji makini masharti ya mazingira hayamkimbizi, anayaingiza kwenye hesabu zake kabla hajaja. Kinachomkimbiza ni kulala na sheria moja na kuamka na nyingine.

Mfano wa pili. Benki ya Dunia ilikuwa na mradi wa REGROW, dola milioni 150, wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini. Wananchi wakalalamika kuhusu kuondolewa na kunyanyaswa pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha. Kama kawaida hapa nyumbani hawakusikilizwa. Malalamiko yakafika kwenye jopo la ukaguzi la benki yenyewe. Aprili 2024 fedha zikasimamishwa, Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Niambie, aliyefukuza fedha ni mkulima wa Mbarali aliyelalamika, au ni yule aliyeona hana haja ya kumsikiliza?

Mfano wa tatu ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mabenki kadhaa makubwa ya Ulaya yalitangaza hadharani kwamba hayatoi mkopo, ikabidi fedha zitafutwe kwingine. Unaweza kuliunga mkono bomba au kulipinga, hiyo ni hoja nyingine. Somo ni kwamba siku hizi mwenye fedha anauliza maswali ambayo zamani hakuuliza. Ardhi mmeipataje? Waliohamishwa wamelipwa? Maji machafu yanakwenda wapi? Ukikosa majibu, mkopo unakuwa ghali au haupo kabisa. Utunzaji wa mazingira na haki za wanakijiji sasa ni sehemu ya bei ya mtaji.

Kampuni nazo zisijidanganye kwamba zikishamalizana na wakubwa basi yamekwisha. Wananchi wa Nyamongo, Tarime, walifika hadi Mahakama Kuu ya London kuishitaki African Barrick Gold, iliyokuwa mmiliki wa mgodi wa North Mara, kwa vifo na majeraha. Shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama 2015. Mimi kama mwanafunzi wa sheria hiyo inaniuma mara mbili. Mtanzania kaumia Tanzania, halafu haki yake anaifuata kwa ndege.

Basi tusiishie kulalamika mtandaoni. Vijana mlioko maeneo ya migodi, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, andikeni barua halmashauri kuomba mpango wa CSR wa mwaka huu na taarifa ya utekelezaji wa mwaka jana. Tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ni haki ya kila raia, na mnatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30. Tunzeni nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, kimya chao nacho ni ushahidi.

Pili, nendeni mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na wengi wetu hatuendi, tunabaki kijiweni kubishania Simba na Yanga. Hakikisheni vipaumbele vinaandikwa kwenye muhtasari. Kama kijiji kiliomba maji na muhtasari upo, hakuna MC atakayemcheka mama wa watu.

Tatu, hudhurieni baraza la madiwani. Na hapa nasema na sisi wenyewe. Tumewahi kuwa na madiwani wetu kwenye halmashauri zenye migodi. Wangapi waliusimamisha mjadala wakauliza kifungu cha 105? Wangapi walikaa meza kuu wakapiga makofi pamoja na wenzao? Kesho tukipewa dhamana tukafanya yaleyale, tutakuwa tumebadilisha rangi ya nguo tu.

Kwa mwekezaji anayesoma hapa: njoo. Lipa mrabaha, lipa ushuru wa huduma, kaa na kijiji mezani kabla hujakaa na mkuu wa wilaya. Ukifanya hivyo sisi ndio tutakaokulinda siku serikali ikikugeuka usiku wa manane, maana sheria inayomlinda mama wa kijijini ndiyo hiyohiyo inayokulinda wewe.

Na kwa yule mama, popote ulipo. Swali lako sijalisahau. Hizi hela tulipangiwa na nani? Tutaendelea kuuliza mpaka jibu lisomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Mapambano yanaendelea.